Si kila jema huitwa bahati

Lugha yetu ina maneno mengi ya mema yampatayo mtu: bahati, nasibu, neema, heri, baraka. Aghalabu twayatumia kana kwamba ni neno moja. Lakini wako watu ambao tofauti hizo huwagusa moyoni.

Tarehe 10 Septemba 2012, wakati wa ugomvi wa Wapokomo na Waorma, kijiji cha Kilelengwani katika delta ya Mto Tana kilishambuliwa. Watu 38 waliuawa, wakiwamo askari polisi 9 na watoto. Walionusurika waliambiwa na wengi waliokwenda kuwapa pole, "Mna bahati." Nakumbuka bibi mmoja akijibu kwa upole, "Na mwanangu aliye kaburini, yeye alikosa nini?"

Jibu hilo lina ilimu ndani yake. Bahati ina mizani: huyu anayo, yule hana. Ukimwambia mfiwa kuwa ana bahati, umemweka yeye upande mmoja na maiti wake upande wa pili.

Nasibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu la mtu, ingawa leo twalisikia zaidi katika bahati nasibu, nayo ni kamari. Neema ni wingi wa mema: mto ukifurika kwa kiasi, mpunga ukastawi na malisho yakachipua, hiyo ni neema ya mkulima na ya mfugaji pia. Heri ni wema wenyewe, hata ukija na uchungu. Lakini kusema "huenda ikawa heri" ni haki ya mwenye msiba, si ya mgeni aliyekuja kumpa pole.

Baraka ni nyingine kabisa. Yenyewe haimlinganishi mtu na mwenzake, bali hukizidisha kile kilichobaki: chakula kichache kikatosha, na mayatima wakakua wakiwa na adabu.

Basi, kina mama wenzangu, tuendapo matangani, tumwambie aliyesalia kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia umri, kisha tumwombee baraka katika umri huo. Kwa maneno hayo hatumdhulumu aliyekufa, kwani naye alijaaliwa wake, ukatimia.

Mola awarehemu waliotangulia, na awatilie baraka waliobaki, wakulima na wafugaji pamoja. Amin.