Mama alipotaka kumgawia mwanawe vidonge vyake vya lehemu

Mtu aliyeumia kichwa akirudi nyumbani, majirani humpa pole na kumshukuru Mungu kwamba amepona. Wanaoishi naye ndio wanaojua kuwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Kidonda kimefunga na nywele zimeota juu ya kovu, lakini baba anasahau darasa analosoma mwanawe, anafoka sufuria ikianguka, na mchana kutwa analala.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Tanga. Baba wa watoto watatu, dereva wa bodaboda, alianguka usiku akiwa hana kofia ngumu, akalazwa wiki mbili. Miezi mitatu baadaye mkewe alikuwa akiamka alfajiri kuchoma vitumbua vya kuuza, na usiku akijibu swali lilelile mara nne.

Mama mkwe alihamia kwao kutoka Muheza ili asaidie watoto. Naye ana maradhi yake. Ana presha, aliwahi kupata kiharusi chepesi, na kila usiku humeza kidonge cha atovastatini cha kushusha lehemu, ambayo wengi huiita kolestro. Siku moja mwanawe mdogo alisoma kwenye simu kwamba dawa hizo hupoza ubongo uliogongwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanyamaza. Usiku alimwita mkwewe chumbani, akafungua fundo la kanga na kumwekea vidonge kumi kiganjani.

“Mimi nimeshaishi, mwanangu. Mpe yeye.”

“Na wewe mama utameza nini?”

“Mimi Mungu anajua.”

Mkwe hakuweza kumrudishia palepale, lakini mumewe hakumpa. Alivifunga kwenye karatasi, na siku ya miadi akaenda navyo kliniki.

Daktari hakumcheka. Alimwambia kuwa shemeji yake hakusema uongo, ila alisoma nusu ya habari. Kichwa kikigongwa, ubongo huumia mara mbili. Mara ya kwanza ni ile dakika ya ajali. Mara ya pili huja polepole, kwa saa na siku zinazofuata, pale seli za ulinzi za ubongo zinapoamka kusafisha palipoharibika. Kazi hiyo huitwa mchochota, na ndiyo hiyo inayofanya kidonda cha mguuni kivimbe na kuwa cha moto. Ikizidi kiasi ndani ya fuvu, ambako hakuna nafasi ya kuvimbia, huumiza hata sehemu zilizokuwa nzima.

Dawa za lehemu zinaingiaje hapo? Ni za kundi la statini, lililotokana na utafiti wa Mjapani Akira Endo, ambaye miaka ya 1970 alichunguza maelfu ya aina za kuvu na ukungu. Ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987. Kazi yake ni kulizuia ini kutengeneza lehemu nyingi, lakini baadaye ilionekana kuwa hupunguza pia mchochota mwilini. Panya walioumizwa ubongo na kupewa dawa hizo walivimba kidogo zaidi. China nako, utafiti wa wagonjwa karibu 200 uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa atovastatini ilisaidia kupunguza damu iliyojikusanya taratibu kati ya ubongo na utando wake, na waliohitaji upasuaji wakawa wachache. Hiyo ni hali moja mahususi, na wagonjwa walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Kwa majeraha mengine ya kichwa, tafiti za binadamu bado ni ndogo mno kuifanya statini kuwa tiba.

Halafu daktari akamweleza jambo lililomnyamazisha. Kwa miaka mingi waliopasuka vichwa walipewa dawa za steroidi kwa hoja hiyohiyo ya kupunguza uvimbe. Zilipopimwa kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 katika nchi 49, utafiti ulisimamishwa mwaka 2004. Katika wiki mbili za mwanzo, waliopewa dawa walikufa asilimia 21, na wasiopewa asilimia 18. Jambo lililoonekana la akili lilikuwa linaua.

Vidonge kumi vilirudi Muheza? Hapana, vilirudi kwa mwenyewe, chumba cha pili, pamoja na ujumbe wa daktari: mama aliyewahi kupata kiharusi akikatisha statini, anajirudisha kwenye hatari ileile, na nyumba itakuwa na wagonjwa wawili wa kulishwa. Mama aliuliza swali moja tu: kama si dawa, ampe nini mwanawe?

Alipewa kazi. Sasa yeye ndiye mwenye daftari la mgonjwa, mjukuu akimwandikia: amelala saa ngapi, kichwa kimemuuma lini, nini kimemkasirisha. Redio huzimwa mchana. Pombe hakuna, na pikipiki imefungiwa mpaka daktari aseme. Mgonjwa anatembea kila jioni hadi msikitini na kurudi, na mambo ya kesho yanaandikwa ukutani ili asiulize mara nne. Bado hufoka, ila mkewe amejua kuwa ni ubongo unaochoka, wala si chuki.

Na wote watatu wamekariri dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja miadi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mfululizo, degedege, usingizi usioamshika, mkono au mguu kulegea. Kwa aliyegongwa kichwa, damu inaweza kujikusanya hata wiki kadhaa baada ya ajali.