Beseni la Fahari Nusura Linilize

Mimba ya kifungua mimba wangu ilipotimiza miezi minane, nilianza kuzuru maduka ya Nairobi kama mtu aliyetumwa. Wenzangu kazini walikuwa wameniandikia orodha ndefu ajabu: beseni la kuogea, kiti cha kutia ndani ya beseni, kipimajoto chenye umbo la bata, sabuni aina tatu, poda, mafuta, taulo yenye kofia. Mtoto wa kwanza humfanya mzazi kipofu, nami nilivitaka vyote.

Katika supamaketi moja nililiona beseni la samawati, refu kama mtumbwi, lenye kizibo cha kumwagia maji na kiti chake cha plastiki kinachojishika chini kwa vikombe vya mpira. Bei ilikuwa shilingi 4,800. Mume wangu alikuna kichwa, akanikumbusha kwamba beseni la kawaida pale Kamukunji halifiki hata shilingi 500. Nilimnunia siku mbili, naye akatoa pesa.

Tulikuwa tukiishi Umoja, chumba cha kulala na sebule. Bafu letu lilikuwa dogo hivi kwamba ukiinama kusugua miguu, unaufungua mlango kwa makalio. Beseni halikuingia. Tuliliweka sebuleni kati ya kochi na meza, wageni wakawa wanaliruka. Isitoshe, maji ya mfereji mtaani kwetu yalikuja kwa zamu, na beseni lile lilimeza mtungi mzima wa lita 20 kabla maji hayajakifikia kiti. Siku za shida tulinunua maji ya mkokoteni. Ndipo nilipofahamu kuwa nilikuwa nimenunua kitu cha nyumba ya mtu mwingine.

Hata hivyo, siku za kwanza sikulihitaji kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asioshwe hadi saa 24 zipite tangu kuzaliwa, maana hupoteza joto upesi. Kisha muuguzi alinipa dawa ya kloheksidini ya kupaka kitovuni, akaniambia nimpanguze tu kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu mpaka kitovu kikauke na kuanguka. Kwa wengi hilo hutokea kati ya siku 5 na 15.

Mavyaa alikuwa amekuja kutoka Bungoma kunihudumia. Alilizunguka lile beseni, akauliza, "Mwanangu, hili ni la mtoto ama la kufulia blanketi?" Nilicheka, lakini yalinichoma. Yeye alimwosha mjukuu wake katika beseni langu la kufulia nepi, baada ya kulisugua vizuri, na alipokwenda zake nikarudia fahari yangu.

Mwanangu alikuwa na miezi sita. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, yumo kitini mwake ndani ya beseni, anapigapiga maji na kucheka. Nikasikia maziwa yakifurika jikoni. Kutoka sebuleni hadi jikoni ni hatua tano. Nilijiambia kiti kitamshika, ndiyo kazi yake. Nilizima gesi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikachukua kitambaa nipanguze jiko.

Sikusikia kilio wala maji kurushwa. Kimya ndicho kilichonishtua.

Kiti kilikuwa kimebanduka, pengine kwa utelezi wa sabuni, kikapinduka naye. Alikuwa amelala ubavu, uso ndani ya maji ambayo hayangefika gotini mwangu. Mtoto huweza kufa maji hata katika kina cha sentimita 5, na mara nyingi hafi kwa kelele. Nilimnyakua, nikampiga mgongoni, akakohoa, akatapika maji, kisha akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama kile kilio. Nilimkimbiza kliniki vivyo hivyo, kafungwa leso tu. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaniambia nimrudishe upesi nikiona anapumua kwa shida au analala isivyo kawaida.

Usiku nilimweleza mume wangu. Hakusema neno. Aliinuka akaenda kusimama kando ya kitanda cha mtoto, akakaa huko hadi nikapitiwa na usingizi. Kesho yake nililitazama boksi la kile kiti. Onyo lilikuwepo, kwa herufi ndogo kama chawa: hiki si kifaa cha usalama.

Mavyaa nilimpigia simu nikingojea kukemewa. Aliuliza jambo moja tu: "Taulo uliiweka wapi, mwanangu?" Ilikuwa chumbani. Nikakumbuka jinsi yeye alivyokuwa akitandika leso chini kabla hajamvua mtoto nguo, akapanga juu yake sabuni, kitambaa, taulo, nepi na mafuta, vyote karibu na mkono. Jiko lilizimwa kwanza. Mtu akibisha hodi, mtoto alitolewa majini na kwenda naye mlangoni, ameroa hivyo hivyo.

Mtoto wa pili alipokaribia, nilikwenda Kamukunji nikanunua beseni la kawaida. Chini yake natandika taulo kuukuu asiteleze. Maji baridi hutangulia, ya moto hufuata, nayakoroga na kuyapima kwa kisugudi, maana maji ya nyuzi 60 huchoma ngozi changa kwa sekunde chache. Kina ni vidole vinne. Sabuni ni moja, isiyo na manukato, na ile dawa ya kuua viini ambayo wengi wetu humimina majini nimeiacha, kwani hukausha ngozi bure. Poda nayo, vumbi lake huingia mapafuni. Kampuni ya Johnson & Johnson yenyewe ilikomesha uuzaji wa poda yake ya watoto ya talki kote duniani mwaka wa 2023. Wala mtoto mchanga hahitaji kuoga mwili mzima kila siku. Uso, shingo, kwapa na makalio yatosha.

Kile kiti nilikikatakata kwa kisu kabla ya kukitupa, mtu asije akakiokota. Beseni la samawati bado lipo. Hukinga maji siku za zamu, likiwa limefunikwa kwa ubao na jiwe zito juu yake.