Swali la Risasi

Kazi inayonilisha huwashangaza wengi wanaojua nilikotoka. Nilizaliwa Kivu, nikakua nikiitambua silaha kwa mlio wake wa usiku. Leo naishi Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, na huu ni mwaka wangu wa nane katika karakana ya fundi wa bunduki. Nasafisha, napima, nakaza vilivyolegea, na kuwaeleza wenye mali ni kitu gani hasa walicho nacho mikononi. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba maswali ya ufundi yana majibu yake, na kwamba nyuma ya swali la ufundi huenda likasimama swali jingine.

Silaha tunayoletewa mara nyingi si ile ndefu ya vita ambayo wengi wenu mmeiona njiani. Ni bastola ndogo ya silinda, iitwayo rivolva, iliyolala miaka mingi katika droo ya baba au ya babu. Mashuhuri kati ya hizo ni ile ya kampuni ya Smith & Wesson iliyotoka mwaka 1950 kwa jina la Chiefs Special, na ambayo tangu 1957 huitwa Model 36. Huchukua risasi 5 tu. Mtutu wake wa kawaida una urefu wa sentimita 5 hivi, na uzito wake unazidi nusu kilo kwa kidogo. Iliundwa ili ifichike chini ya koti la askari. Udogo huo ndio sifa yake na ndio taabu yake, kwa maana kitu chepesi hurudi nyuma kwa nguvu kinapofyatuliwa, na mkono usiozoea hukishika kwa shida.

Mwenye mali huuliza kwanza thamani. Jibu halipatikani kwa kuutazama mng’ao wake. Twafungua silinda na kuhakikisha kwamba haina kitu ndani. Twasoma namba iliyopigwa chini ya kitako. Twatazama kama silinda inajifunga imara kila inapozunguka, na kama ndani ya mtutu mna kutu. Kisha twatazama rangi. Watu wengi hudhani kwamba bastola iliyopakwa upya ni bora kuliko ile iliyochakaa, lakini wakusanyaji huona kinyume: rangi ya kiwandani iliyofifia kwa kuguswa na mwenyewe ina bei kuliko mng’ao mpya uliofuta maandishi. Boksi lake la kwanza likiwapo pamoja na karatasi zake, bei hupanda zaidi.

Swali la pili ni la risasi, na hapo ndipo penye hatari ya majina. Bastola hii hula risasi iitwayo .38 Special. Iko nyingine ya zamani iitwayo .38 S&W; majina yanakaribiana, lakini ganda la hiyo ni fupi na nene zaidi, wala hazibadilishani. Tena kuna maboksi yenye alama +P, maana yake kwamba shinikizo la gesi ndani yake limeongezwa. Fundi mwangalifu haitii risasi hiyo katika bastola ndogo ya zamani. Huenda isipasuke siku hiyo, lakini kiunzi chake huchoka na viungo hulegea kabla ya wakati. Kwa mikono ya mzee twashauri risasi ya shinikizo la kawaida, yenye kichwa bapa cha madini ya risasi, kwa kuwa haimsukumi sana anayeipiga.

Mwaka jana mama mmoja wa miaka 78 alitandika juu ya meza yetu kitambaa cha jikoni, na ndani yake Model 36 ya mumewe, aliyezikwa miezi minne kabla. Aliuliza mambo hayo mawili: yafaa bei gani, na anunue risasi zipi. Nilimjibu yote kama nilivyowaeleza ninyi, bila haraka, kwa sababu swali lake lilikuwa halali na nchi yake yamruhusu. Kisha nikamwomba ajaribu kuvuta kifyatulio, silinda ikiwa tupu. Vidole vyake vyenye baridi yabisi havikuweza, hata alipotumia mikono miwili. Hakusikitika, wala hakuuliza juu ya wezi. Aliuliza tu kama nyundo ikivutwa nyuma kwanza, kifyatulio huwa chepesi.

Ni kweli, huwa chepesi. Lakini sikumjibu hilo. Katika karakana yetu tunaijua hesabu moja: mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto nchini Marekani, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Basi nikamwita mama, kama tunavyomwita mtu wa umri wake kwetu, nikamweleza maana ya neno hilo, nikamuuliza waziwazi: “Mama, je, unafikiria kujiua?”

Alikunja kitambaa chake pembe kwa pembe. Akasema, “Si kila siku.”

Bwana mwenye duka alifunga mlango wa mbele, tukakaa naye. Hatukumhubiria. Alitusimulia juu ya mumewe, juu ya kiti ambacho hakuna anayekikalia. Kwa ridhaa yake tulimpigia simu binti yake, akaja kabla ya jioni na kumpeleka kwa daktari. Bastola ilibaki katika sefu yetu, na kikaratasi chenye jina la mama kikafungwa kwenye kitako. Ni mali yake bado, hatukumnyang’anya kitu. Amekwisha kupita dukani mara tatu tangu siku hiyo, akituletea mkate wa ndizi, na hajaiulizia.

Nawaandikia haya kwa sababu huko kwetu watu husema kwamba kulitaja neno hilo mbele ya mwenye huzuni ni kumwonyesha njia. Sivyo. Waganga wa akili wanathibitisha kwamba kuuliza hakupandi wazo moyoni mwa mtu. Mara nyingi kwampunguzia mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Kati yenu wamo waliofiwa, waliofukuzwa makwao, walionyamaza ghafla katika mikutano ya kikundi. Mmoja wao akikuuliza habari ya kitu chenye hatari, usikimbilie kumjibu wala kumkemea. Kaa naye, muulize kwa jina la jambo lenyewe, na usimwache peke yake mpaka mtu mzima mnayemwamini awepo. Na kile kitu, wekeni mbali naye siku hiyohiyo.