Ba'mdogo na mashine ya kukereza

Mimi nimerudi kampasi juzi kutoka nyumbani Muleba. Ba'mdogo ana karakana ya kuchomelea, akasikia kuna mtu Bukoba anauza mashine ya kukereza chuma, mtumba, milioni sita. Hizo ni pesa zote za kahawa, na ada ya mdogo wangu imo humo humo. Akaniambia, "Si unasomea ualimu wa fizikia wewe? Twende."

Mashine imepakwa rangi mpya, inang'aa! Ba'mdogo hata hakuitazama rangi. Akashika chaki (ile yenye taya za kubana chuma, sio yetu walimu), akaitikisa juu chini: haichezi. Safi. Kisha akaenda kwenye kigari kinachobeba kisu, akakikaza kidogo pale karibu na chaki, ambapo ndipo kinafanya kazi kila siku, akakisukuma kuelekea mwisho. Katikati kikagoma. Maana yake reli zimelika huku mbele, kule nyuma bado nzima. Bushi fupi utakereza, lakini shafti ndefu ya kinu cha kukobolea kahawa itatoka nene upande mmoja, na kwetu kazi ndio hizo.

Tukaomba iwashwe. Eti hapo hamna umeme wa fezi tatu. Sasa jamani, unauzaje mashine iliyolala?

Ba'mdogo akataja milioni tatu, jamaa akacheka. Tukaondoka.

Jana usiku jamaa kapiga mwenyewe: nne na nusu. Ba'mdogo kamjibu aiwashe kwanza.