Kijibwa cha shambani kilichonifunza fiqhi ya jeraha

Kwa miaka miwili nyumba yetu hapa Kibiti ilimwogopa mbwa mmoja tu: dume kubwa la asili ya Kijerumani linalolinda ghala la jirani. Watoto wakienda madrasa huzunguka njia ya nyuma ili wasipite getini kwake, na mimi mwenyewe, nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, niliwahi kufikisha malalamiko ya wazazi kwa mwenye ghala. Mbwa huyo hajamng'ata mtu hadi leo. Aliyemng'ata mtoto wetu ni kijibwa cha kienyeji, ambacho mtoto mwenyewe alikuwa akikitupia makombo ya ugali.

Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga. Dada yangu na mumewe hulima upande wa delta, ng'ambo ya Nyamisati, na msimu ukifika familia nzima huhamia shambani na kulala kwenye dungu, ili wawahi ndege alfajiri na nguruwe usiku. Mbwa alikuwa msaidizi wao katika ulinzi huo, na Mtume (s.a.w.) ameruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda. Jioni moja mpwa wangu, mtoto wa miaka saba, alipita karibu naye kama siku zote. Mbwa akamrukia, akamng'ata mguuni, kisha akatokomea mikokoni. Hakuonekana tena.

Shemeji alinipigia simu. Kwa kuwa alijua anazungumza na mtu aliyesoma chuo, hakuniuliza habari za hospitali, bali aliniuliza habari za najisi. Nami nikajibu kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafii: paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Wakachota tope la kando ya mto, wakalipaka juu ya jeraha bichi.

Baada ya swala ya Isha nilimsimulia mzee mmoja wa msikitini, muuguzi mstaafu. Hakuningoja nimalize.

"Katibu, umejibu swali la swala," alisema. "Swali la uhai limejibiwa na nani?"

Akaichukua simu yangu, akawaagiza waondoe tope lote, waoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa, wasilifunge kwa kulibana, wasipake mafuta wala majivu, na wamlete mtoto kwa mashua ya kwanza. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, na mashua haikuweza kutoka kijitoni hadi alfajiri.

Usiku ule sikulala. Niliikumbuka hadithi ya yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali kwa kutoa hukumu bila elimu ilhali wangeweza kuuliza. Hadithi hiyo nimeisomesha darasani mara nyingi, na usiku ule niliona kuwa nami ni mmoja wa wale wenzake.

Asubuhi mtoto alifika. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo, tukasafiri tena kuitafuta, na baadhi ya waumini walichangia nauli na gharama. Alikamilisha sindano zote kwa tarehe alizopangiwa. Alhamdulillah, leo anakimbia na wenzake.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Sisi wazazi huanza na swali la aina: mbwa gani ni mkali? Uingereza iliwahi kutunga sheria mwaka 1991 ya kupiga marufuku baadhi ya aina, na kwa kweli mbwa mwenye mwili mkubwa na taya zenye nguvu akiuma, jeraha lake huwa baya zaidi. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliohusu mbwa zaidi ya 18,000, ulionesha kuwa aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tabia hutokana pia na malezi, mafunzo, njaa, kufungwa mnyororo kutwa, kuchokozwa, au jike kuwa na watoto. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Maida, inapotaja mbwa wa kuwindia haitaji aina yake, inataja kufunzwa kwake.

Na kichaa cha mbwa hakichagui aina kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza hakuna tiba ya kutegemewa, ilhali kabla ya hapo kuosha jeraha na kuwahi chanjo humwokoa mtu. Mbwa akionekana mzima, bado usisubiri: nenda hospitali, na mbwa huyo achunguzwe kwa siku kumi.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba hukumu ya najisi imefutika. Ipo, na masheikh wetu wana maelezo yake. Nasema kwamba sharia iliyompa mgonjwa ruhusa ya kutayamamu haimlazimishi mtoto kutiwa tope kwenye nyama iliyo wazi. Sabuni na hospitali kwanza, masuala ya tohara yataulizwa baadaye.

Kuna jambo jingine lililonisumbua. Mbwa yule alilinda mpunga wetu misimu mitatu, wala hakuna aliyefikiria kumchanja, kwa sababu tulimwona najisi asiyestahili kushughulikiwa. Tulisahau kwamba Allah (s.w.) alimsamehe mtu kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo sasa, mabwana mifugo wakipanga siku ya chanjo ya mbwa, tangazo hutolewa pia kwenye kipaza sauti cha msikiti wetu, na ninayelisoma ni mimi.

Wabillahi tawfiq.