LOIYANGALANI: Laza gari likiutazama upepo

IKIWA siku moja utaamua kuipeleka jamaa yako ikalione Ziwa Turkana, msomaji, utapewa mawaidha chungu nzima kabla hujaondoka Nairobi. Utaonywa kuhusu jua kali, mamba, pancha na wezi wa mifugo. Yamkini hakuna atakayekutajia upepo. Nao upepo ndio utakaokunyima usingizi usiku wa kwanza, na usipojihadhari utakung'olea mlango wa gari.

Siku hizi jamaa nyingi za mijini hupenda kusafiri kwa magari ya kulalia. Wengine hukodi Land Cruiser yenye hema la kukunjwa juu ya paa, wengine hununua vani kuukuu na kutia kitanda na jiko ndani. Ni mtindo mzuri, hasa ukikumbuka gharama ya kuwalaza watoto wanne hotelini. Hata hivyo, gari la namna hii ni refu kwenda juu, ubavu wake ni mpana, na aghalabu hubebeshwa mizigo mizito kwenye keria. Mjini haya hayakudhuru. Ukifika kaskazini mwa South Horr, ni habari nyingine kabisa.

Huko ndiko liliko lango la upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za kwetu Kenya pana ukanda wa ardhi ya chini. Pepo zitokazo upande wa Bahari Hindi zikifika hapo hubanwa pande zote mbili na kuongeza kasi, kama maji ya mpira wa bustani unapouminya mdomo wake kwa kidole. Wafugaji waliujua upepo huo tangu jadi, lakini wanasayansi J. H. Kinuthia na G. C. Asnani ndio walioueleza rasmi katika makala yao ya mwaka 1982. Leo ushahidi unauona kwa macho: mitambo 365 ya kuzalisha umeme imesimama katika uwanda ule wa mawe, yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake uliingizwa katika gridi ya taifa mwaka 2018. Hakuna mwenye fedha ambaye angepeleka mitambo mingi hivyo mahali ambapo upepo huvuma kwa kubahatisha.

Kadiri ya upepo wa hapo ni takriban mita 11 kwa sekunde, yaani kilomita 40 kwa saa. Usidanganywe na udogo wa tarakimu hiyo. Hiyo ni kadiri ya mwaka mzima, usiku na mchana. Mikupuo yake hupita hapo mbali. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Dereva ambaye gari lake limetikiswa kidogo tu kwa upepo wa kilomita 40 asidhani kuwa ule wa kilomita 80 utamtikisa kidogo na nusu.

Ajabu ni kwamba upepo huu una saa zake, na ukizishika saa hizo umeshinda nusu ya taabu. Hulegea alasiri. Jua likizama huanza kuinuka, ukanguruma usiku kucha, na alfajiri ndipo unapokuwa katika kilele. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kudamka saa kumi na moja asubuhi "tuwahi barabara" haifai hapa. Toka Nairobi upite Isiolo, ujaze mafuta hapo, kisha ufuate lami hadi Laisamis. Kutoka hapo kuna kilomita 208 za barabara ya changarawe iliyotengenezwa ili kupitisha vyuma vya mitambo ile. Lala South Horr, katika bonde lenye miti lililokingwa na mlima Nyiru. Uliza polisi hali ya usalama mbele yako. Kesho yake kula chakula cha mchana mapema, uondoke, na utafika Loiyangalani jua likiwa bado juu.

Utajua kwamba umetoka kwenye kinga bila ya kuambiwa. Bonde linafunguka, miti inakwisha, mawe meusi ya volkano yanatanda hadi upeo wa macho, na papo hapo usukani unakuwa mzito mikononi. Upepo utakupiga ubavu wa kulia, kwa nyuma kidogo, na kulisukuma gari kwenye ukingo wa kushoto ambako changarawe ni legevu. Shika usukani kwa mikono miwili na upunguze mwendo. Kilomita 40 kwa saa zatosha. Gari likihama kidogo, lirudishe polepole. Wengi huangusha magari si kwa sababu upepo uliwapindua, bali kwa kuupinga kwa nguvu, na mara upepo ukakatika nyuma ya kilima na gari likaruka upande wa pili. Lori likija mbele yako, jitayarishe vivyo hivyo: litakukinga kwa nukta moja, kisha upepo urudi kwa ghafla.

Mizigo nayo ipangwe upya kabla ya kuondoka South Horr. Mitungi ya maji na ya mafuta iteremke kutoka kwenye keria ikae sakafuni, ifungwe isitembee. Keria ibaki na vitu vyepesi tu.

Huko Marekani, katika jimbo la Wyoming, barabara kuu nambari 80 hufungwa kwa magari marefu mepesi upepo unapozidi, na dereva hana budi kungoja. Kwetu hakuna wa kukufungia. Ukiona gari linahama mara kwa mara ingawa umepunguza mwendo, simama mahali wazi, elekeza pua kwenye upepo, ungoje.

Hapo kwenye mitambo ndipo milango inapoharibikia. Watoto wameona mapangaboi makubwa, kila mtu anataka picha, baba anasimamisha gari lilivyo na kufungua mlango. Upepo unatoka nyuma. Mlango wa gari hufungukia mbele, kwa hiyo upepo unaupokonya mkononi na kuukunja hadi bawaba zikapinda, na fundi wa karibu yuko mbali nawe kwa saa nyingi. Geuza gari kwanza litazame upepo, halafu ndipo ufungue. Hapo upepo utausukuma mlango ujifunge, jambo ambalo haliharibu kitu isipokuwa vidole, kwa hiyo waambie watoto waweke mikono yao ndani. Fungueni mmoja mmoja.

Loiyangalani, jina ambalo kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi, ni kisima cha kijani kibichi katikati ya mawe. Chemchemi ya maji ya moto hulisha mikoche mirefu, na msafiri aliyechoka hutamani kuegesha chini ya vivuli vyake. Mchana ni sawa. Usiku usilale hapo, maana makuti makavu na matawi huanguka bila taarifa. Wala usiende kandokando ya ziwa: mbali na mamba, maji yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ufuo. Tafuta ukuta imara au jengo la mawe katika kambi za wageni, ukae upande usio na upepo. Usipolipata, laza gari pua ikielekea mashariki, upande wa mlima Kulal, na ziwa liwe mgongoni. Tia gia, vuta breki ya mkono, weka jiwe kila gurudumu, mawe hayakosekani.

Tazama nyumba za Waelmolo na Waturkana wa hapo. Ni fupi, za mviringo, upepo hauna pembe ya kuzishika. Hema lako la paani ni kinyume chake kabisa, ni tanga. Ukiona makuti yanatikisika na nyaya zimeanza kupiga mluzi, likunje na mlale ndani ya gari, hata kama mtabanana. Kivuli cha turubai ubavuni kikunjwe kabla ya machweo, kwa maana usiku wa manane hutaweza. Vigingi haviingii katika ardhi ile. Kamba zifungwe kwenye keria na kwenye mawe makubwa.

Sasa nije kwenye moto, na hapa nakuomba usome mara mbili. Upepo ukikuzimia jiko nje, utashawishika kulihamishia ndani ya gari na kufunga madirisha. Usithubutu, liwe la makaa au la gesi. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi, na watu waliolala hawaamki. Hata jiko lililobaki na majivu mekundu lisiingie ndani "kuwapa watoto joto"; kwa kweli joto la Turkana halihitaji msaada. La pili ni cheche. Nyumba za majirani zako zimeezekwa makuti na nyasi, na cheche moja katika upepo ule haina atakayeikimbiza. Wewe utaondoka kesho; wao hawana kwingine. Pikeni alasiri wakati wa utulivu, mle mapema, mmwage maji juu ya makaa hadi yaache kutoa moshi, na chai ya usiku itiwe kwenye chupa.

Asubuhi usifanye haraka. Mashua za kwenda Kisiwa cha Kusini ziache hadi wavuvi wenyewe waseme maji yametulia. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda huko wala hawakuonekana tena. Tumia saa hizo kufungua boneti, pua ikiwa imekingwa na ukuta, na kukung'uta chujio la hewa, kwa kuwa litakuwa limejaa vumbi. Kuelekea adhuhuri kelele hupungua, makuti ya mikoche hunyong'onyea, na wenyeji huanza kuonekana nje. Hapo waweza kuwasha gari.