Mtoto hachelewi, kompyuta ndiyo inayochelewa

Baba mmoja wa Mbeya alikuwa ameshaamua: mafunzo ya kinanda yakome, fedha ziende kwenye masomo ya ziada ya hesabu. Binti yake wa kidato cha pili alifanyia mazoezi nyumbani kwa kibodi ya muziki isiyo na sauti yake yenyewe, iliyochomekwa kwenye kompyuta mpakato kuukuu yenye Linux. Kila alipofuata wimbo, alibaki nyuma.

"Huyu hakujaliwa muziki," baba alisema, binti akisikia. Neno kama hilo mtoto hulibeba miaka.

Mjomba wa binti, fundi kompyuta, aliuliza jambo moja tu: "Shemeji, na kanisani huchelewa?" Kanisani hachelewi.

Kompyuta haitoi sauti papo hapo. Huikusanya kwanza kwenye akiba ndogo iitwayo bafa. Hapa bafa ilikuwa ya sampuli 1024, mara mbili, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde: karibu milisekunde 43. Ni kama kupiga kinanda ambacho spika yake iko zaidi ya mita 14 kutoka ulipoketi. Hata mpigaji mzoefu angeyumba.

Kwa JACK, programu ya bure, mjomba alishusha bafa hadi 128. Ucheleweshaji ukawa milisekunde 5 hivi, lakini sauti ikaanza kupasuka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji, maana prosesa haikuwahi kujaza bafa kabla haijaisha. Kazi yenyewe ilianzia hapo. Alimwingiza binti kwenye kundi la watumiaji liitwalo audio, akaliruhusu kuipa programu ya sauti kipaumbele mbele ya kazi nyingine. Akaizuia prosesa kupunguza kasi ili kuokoa umeme. Wi-Fi ikazimwa wakati wa mazoezi. Mipasuko michache ilibaki, akapandisha bafa hadi 256, kama milisekunde 11, ikatulia kabisa.

Hakikununuliwa kitu. Baba alilipia muhula mwingine wa kinanda.

Mzazi mwenye mashaka amwambie mtoto agonge meza kufuata wimbo, kisha apige kibodi. Akienda sawa mezani na kuchelewa kwenye kibodi, mashine ichunguzwe kwanza. Na spika za Bluetooth ziwekwe kando: mara nyingi zenyewe huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa ya kompyuta itakayozirekebisha.